Mji wa Katuni na Mji Wetu

Lukenya ni kilima cha mawe katika nchi ya Machakos, nacho chatazama mbuga za Athi. Chini ya miamba yake wataalamu wa mambo ya kale wamefukua zana za mawe na mifupa ya wanyama walioliwa na watu wa zamani sana. Si vigumu kuwawazia watu hao wakiota moto, mmoja akisimulia na wengine wakicheka. Kwa muda mrefu msikilizaji wa hadithi alikaa nje yake. Katika zama zetu ameingia ndani, naye huongoza miguu ya mhusika kwa vidole vyake.

Mwanafunzi wangu mmoja alinionyesha maana ya badiliko hilo. Alikuwa akienda kibandani kucheza michezo ya video, na siku moja alichora ubaoni ramani ya mji wa Springfield: shule, duka, baa, hata kinu cha umeme wa nyuklia. Nilipomwomba achore Lukenya, alichora barabara ya Mombasa na kilima, kisha chaki ikasimama.

Springfield ni mji wa kubuni. Ni makazi ya jamaa ya Simpsons, watu wa rangi ya manjano waliobuniwa na Matt Groening. Walionekana kwanza katika televisheni ya Marekani mwaka 1987, kwa vipande vifupi, na Desemba 1989 wakapata kipindi chao wenyewe. Baba, Homer, ni mvivu na mlafi. Mama, Marge, huwatuliza wote. Bart ni mtundu. Lisa ana akili nyingi. Na Maggie ni mtoto mchanga. Watazamaji waliwacheka, na ndani ya kicheko hicho wakajiona wenyewe.

Penye umati hapakosi mchuuzi. Mwaka 1991 kampuni ya Konami ya Japani ilitoa mchezo katika mashine kubwa ya kutiwa sarafu. Watu wanne waliweza kucheza pamoja, wakipigana njia nzima ili kumwokoa Maggie aliyetekwa. Mwaka huohuo kampuni ya Acclaim ilileta mwingine wa kuchezwa nyumbani, ambao Bart alipambana humo na viumbe kutoka anga za mbali. Wa kwanza ulipendwa kwa kuwakusanya marafiki. Wa pili ulisifika kwa ugumu wake.

Mwaka 2001 ukatoka mchezo uitwao Road Rage, ambao kazi yake ilikuwa kuwapakia abiria na kuwafikisha upesi. Kampuni ya Sega, yenye mchezo wake wa teksi uliotangulia, ilidai kwamba wazo lake limechukuliwa, ikafungua mashtaka mwaka 2003. Kesi ilimalizika kwa mapatano nje ya mahakama. Hapa twaona hatari ya kazi ya namna hii: sura maarufu yaweza kuvikwa mwili wa mwingine, mfano wa mtu aliyeazima kanzu.

Lakini mwaka huohuo wa 2003 ulitoka mchezo wa namna nyingine, Hit & Run, kazi ya Radical Entertainment ya Vancouver, Kanada. Waandishi wa kipindi chenyewe walishiriki kuandika maneno yake, na waigizaji walewale wakatoa sauti. Zaidi ya hayo, mji ulijengwa. Mchezaji aliweza kuendesha gari, kushuka, kutembea na kuingia dukani. Kicheko hakikuwa tena katika maneno ya Homer peke yake, bali katika kila pembe ya barabara. Hii ndiyo sababu mchezo huo hukumbukwa hata leo.

Mwaka 2012 kampuni ya Electronic Arts ilileta mchezo wa simu, Tapped Out. Homer, akiwa ameshughulika na mchezo mkononi mwake, aliusahau wajibu wake kinuni na mji ukateketea. Mchezaji akapewa kazi ya kuujenga upya. Hivyo mchezo ulimcheka mchezaji wake mwenyewe. Mitambo yake ilizimwa Januari 2025, na miji ya watu wengi ikatoweka pamoja nayo.

Je, sisi hatuna mafundi? Tunao. Tinga Tinga Tales, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2010, ilitengenezwa Nairobi kwa hadithi za wanyama wa Afrika na kwa mtindo wa michoro ya Tingatinga ya Tanzania. Mwaka 2011 Mkenya Andrew Kaggia alitoa Wageuzi, filamu fupi ya katuni iliyowafanyia mzaha wanasiasa wetu kwa kuwageuza magari na roboti. Na mwaka 2015 akatoa mchezo wa video, Nairobi X, ambao ndani yake mji wetu mkuu unavamiwa na kupiganiwa.

Basi mikono ipo. Historia hii yafundisha kwamba sura ya kuchekesha huuza mchezo kwa siku chache, bali mahali palipojulikana vyema huufanya ukumbukwe. Waliojenga Springfield waliujua kila mtaa wake. Nani ataijenga Lukenya ikiwa watoto wake hawaijui? Mwanafunzi yule nilimpa kazi ya likizo: awaulize wazee majina ya miamba na njia za zamani, kisha aimalize ramani yake. Shule ilipofunguliwa alirudi na karatasi mbili, akasema ya tatu ingali kwa nyanya yake, ambaye bado anamtajia majina.