Sanamu Iliyosimama: Juu ya Kujua, na Kweli, na Kuwako kwa Mungu, katika Habari za Wamakonde

Watu wa Nanyamba, pamoja na wenzao wa nchi ya juu ya Wamakonde, tangu pwani ya Mikindani hata Newala, walizoea tangu zamani kukaa mbali na maji. Udongo wa huko ni mchanga, nao hunywa mvua upesi. Na kabla mitambo ya kupandisha maji haijaanza kuwekwa katika miaka ya 1950, wanawake walishuka mabondeni kuteka, wakapanda tena na mitungi kichwani. Mgeni akiuliza, "Mbona hamkujenga karibu na maji?" wazee walikuwa na jibu lao. Jibu hilo lastahili kuangaliwa na kila mwalimu, kwa maana latufikisha kwenye maswali matatu makubwa: Mtu ajuaje? Kweli ni nini? Je, Mungu yuko?

Karl Weule, mwanachuoni wa Leipzig aliyekaa Newala na Mahuta mwaka 1906, aliitia habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1908. Hapo kale, yasemekana, palikuwa na mtu mmoja porini, peke yake, wala hakuwa na desturi ya kuoga. Akachonga mti kwa sura ya mwanadamu, akausimamisha nyumbani kwake. Usiku sanamu ikapata uhai, ikawa mwanamke. Wakashuka wote wawili mto Ruvuma kuoga. Huko mke akazaa, na mtoto alikuwa mfu. Wakahamia bonde la Mbwemkuru. Mtoto wa pili naye akazaliwa mfu. Wakapanda nchi ya juu ya Mahuta, na wa tatu akaishi. Basi baba akawausia wanawe wasijenge mabondeni wala kando ya mito mikubwa, kwa kuwa huko hukaa ugonjwa na mauti.

Yuko mwalimu atakayecheka, na yuko atakayeipokea habari yote kama ilivyo. Wote wawili wamefanya haraka. Habari hii ina mambo mawili, nayo yafaa kutengwa: kuna wasia, na kuna sanamu.

Tuanze na wasia. Neno lisemalo ya kuwa mabondeni watoto hufa ni neno la kupimika, kwa maana mtu aweza kwenda kuona. Mwaka 1897 Ronald Ross, huko India, aliona vijidudu vya malaria ndani ya mbu, na watu wakaanza kufahamu kwa nini penye maji yaliyotuama pana homa. Basi wazee walishika jambo lenye kweli ndani yake, ijapokuwa hawakuijua sababu yake. Wala si kweli timilifu, maana homa yapanda hata nchi ya juu. Tena wenye kuchunguza mambo ya kale wametaja sababu nyingine ya kukaa kule: vichaka vizito viliwaficha watu wasishikwe na wafanya biashara ya watumwa, wala na vita vya Wangoni. Sababu moja haiiondoi nyingine. Neno laweza kuwa kweli kabla sababu zake zote hazijajulikana.

Plato, mwenye hekima wa Wayunani, aliligusa jambo hili katika kitabu chake kiitwacho Meno, na ni ajabu kwamba yeye pia alitumia mfano wa sanamu. Alisema ya kuwa mawazo ya kweli yafanana na sanamu za fundi Daedalus, ambazo zisipofungwa hutoroka. Kamba ya kuyafunga ni kujua sababu. Yakiisha kufungwa, ndipo huwa elimu. Ndiyo tofauti ya dhana na yakini. Wazee walikuwa na kamba moja, nayo ni maisha ya watoto wao; elimu ya mbu ikaleta kamba ya pili.

Lakini mtu asidhani ya kuwa kila neno la wazee, au kila neno liaminiwalo na wengi, ni kweli. Mwaka 1905 ilienea kusini habari ya maji ya dawa, ya kwamba risasi zitageuka kuwa maji. Watu waliiamini kwa moyo wote, hata wakatoa maisha yao; wala risasi hazikugeuka. Manung'uniko yao juu ya kodi na kilimo cha pamba cha kulazimishwa yalikuwa ya kweli; dawa haikuwa ya kweli. Nguvu ya kuamini siyo kipimo cha kweli. Mwalimu asiyewafundisha vijana kutenga hayo mawili amewaacha bila ngao.

Sasa tuirudie sanamu. Wamakonde ni wachongaji mashuhuri. Wao kuliko watu wengine wajua ya kuwa fundi hutoa sura, hatoi uhai. Na habari yao haisemi ya kuwa yule mtu aliitia sanamu uhai. Alichonga, akausimamisha mti, usiku ukapita; asubuhi mti ni mke. Uhai ulitoka wapi? Habari imenyamaza, na katika kunyamaza huko swali la Mungu huzaliwa. Jina lake halikuwa geni kwao: Wamakonde humwita Nnungu, Wayao Mulungu, Wamakua Muluku.

Thomas wa Aquino, katika karne ya 13, alifundisha ya kuwa akili ya mwanadamu, ikianza na vitu vionekanavyo, yaweza kujua ya kwamba Mungu yuko. Bali alivyo Mungu katika nafsi yake, hapo akili haifiki. Kujua kuwako kwa kitu ni jambo moja, na kujua kilivyo ni jambo jingine, kama wazee walivyojua kuwako kwa mauti ya bondeni wasimjue mbu. Walakini David Hume, katika kitabu kilichotoka mwaka 1779, alipinga hoja ya mfano wa fundi: mafundi tumewaona wakifanya kazi, bali ulimwengu hatukuuona ukifanywa. Pingamizi hilo ni zito, wala mwalimu asilifiche. Kijana atakayelikuta mbali, peke yake, atadhani ya kuwa alidanganywa.

Basi kijana akileta neno la nyumbani kwao, asichekwe. Aulizwe: Wazee wasema nini hasa? Walilipimaje? Sababu yake ni nini? Na mwalimu ayajibu maswali hayo hayo juu ya neno analofundisha yeye. Akiona haya kuulizwa, sanamu yake haijafungwa bado.