MWANAMKE ANAPOKOMA HEDHI: MAFUNZO KUTOKA TAREHE YETU



Ndugu msomaji, sisi tuliokaa chuoni sote tumesoma mlango wa hedhi katika fiqhi ya Imam Shafii. Twajua kuwa umri wake huanzia miaka 9. Twajua uchache wake ni mchana mmoja na usiku wake, na wingi wake ni siku 15. Lakini mlango huu, kama kila mlango, una kuingia na una kutoka. Kuingia tumekusoma sana, kutoka tumekuacha. Hata majumbani mwetu ndivyo ilivyo. Msichana anapovunja ungo hupewa somo wa kumfundisha, akaambiwa la kufanya na la kuacha. Bibi harusi huwekewa kungwi. Ama mwanamke anapofika umri wa kukoma hedhi hana somo wala kungwi. Huachwa peke yake na jasho lake la usiku, na moyo wake unaokwenda mbio, na uchovu asioujua ulikotoka.

Nitakuhadithia jambo moja linalonikera mpaka leo. Zamani nilipokuwa nikiandika kombe, niliwahi kuletewa mama mmoja na wanawe. Wakasema mama yao amebadilika: halali usiku, hulia bila ya sababu, na akibeba ndoo ya maji huishiwa na nguvu. Wao walikwisha kuamua kuwa ana pepo. Nikamwandikia kombe mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Sikukosa kwa kumsomea Qurani, kwani Qurani ni shifaa. Nilikosa kwa kutouliza. Aliyeuliza ni mkunga mmoja wa mtaani, bibi asiyejua kusoma wala kuandika. Alimwambia: “Mwanangu, hedhi yako imekatika lini?” Yule mama akainamisha kichwa, akajibu kuwa ni mwezi wa saba, na kwamba hakuna mtu aliyepata kumwuliza.

Tokea siku ile nikaanza kutafuta: je, waliotutangulia nao walilinyamazia jambo hili? Jawabu nililolipata ni kuwa hawakulinyamazia hata kidogo.

Qurani imelitaja bila ya haya

Katika Suratut-Talaq, aya ya 4, Mwenyezi Mungu ameweka eda ya wanawake walioachwa ambao hedhi zao zimekwisha, nayo ni miezi mitatu. Katika Suratun-Nur, aya ya 60, amewataja wanawake wazee waliokwisha kutarajia ndoa, akawapa ruhusa ya kupunguza nguo zao za juu maadamu hawajishaui kwa mapambo, na akawaambia kuwa kujistahi ni bora kwao. Na katika Surat Hud twasoma khabari za Bibi Sara, mke wa Nabii Ibrahim (a.s.), alivyostaajabu kubashiriwa mtoto hali yeye ni mkongwe na mumewe ni mzee.

Wanazuoni wakauita umri huu “sinnul-ya’s”, yaani umri wa kukata tamaa. Hapa simama kidogo, ndugu yangu. Tamaa inayokatwa ni ya hedhi na uzazi tu. Si tamaa ya maisha, wala si tamaa ya mapenzi ya watu wake, wala si tamaa ya rehema ya Mola, ambayo kuikata ni haramu kwa kila Muislamu. Mwanamke anayejiona amekwisha kwa kuwa hedhi imekwisha, amelipa neno lile maana lisiyokuwa nayo.

Maimamu nao walizungumza juu ya umri wenyewe. Katika madhehebu yetu, kauli mashuhuri ni miaka 62 ya mwezi muandamo. Hanbali wamesema 50, na wengi katika Hanafi wamesema 55. Tofauti hiyo yenyewe ni ushahidi kuwa waliwatazama wanawake wa miji yao na kuwauliza, wala hawakuona aibu kuandika.

Bibi aliyesikilizwa juu ya mbingu saba

Katika Madina aliishi Bibi Khaula binti Thaalaba, mke wa Aus bin Samit. Walikaa pamoja mpaka wakazeeka. Siku moja mumewe alighadhibika akamfanyia dhihari, yaani akamwambia kuwa kwake yeye ni kama mgongo wa mamaye. Na neno hilo zama za Ujahiliya lilikuwa ni talaka. Bibi Khaula akenda kwa Mtume (s.a.w.) kushitaki. Kama alivyopokea Bibi Aisha (r.a.), shitaka lake lilikuwa hili: mume amekula ujana wake, naye amemzalia watoto, na sasa umri wake ulipokuwa mkubwa na uzazi wake ukakatika, ndipo akamfanyia hayo.

Zingatia maneno haya, msomaji. Yule bibi hakuficha kuwa uzazi wake umekatika. Alilisema mbele ya Mtume wa Mwenyezi Mungu, na aliyekuwa karibu ni Bibi Aisha, ambaye amesema kuwa yeye mwenyewe baadhi ya maneno hakuyasikia, na Mola aliye juu akayasikia yote. Ikateremka Suratul-Mujadala, na neno la mumewe likabatilishwa, akapangiwa kafara: kuacha huru mtumwa; asipopata, kufunga miezi miwili mfululizo; na asipoweza, kulisha masikini 60.

Na imepokewa kuwa Seyyidna Umar (r.a.) katika siku za ukhalifa wake alisimamishwa njiani na bibi kizee, akasimama muda mrefu akimsikiliza. Watu walipostaajabu, akawajulisha kuwa huyo ni Khaula, ambaye shitaka lake lilisikilizwa mbinguni. Basi Umar ni nani hata asimsikilize? Leo katika nyumba zetu mama husema “nimechoka” mara kumi, na hakuna anayeinua kichwa.

Na tumtazame Bibi Khadija (r.a.). Kwa riwaya iliyo mashuhuri, aliolewa na Mtume (s.a.w.) akiwa na miaka 40 na akafariki akiwa na 65. Yaani wahyi ulipoanza, naye akamfunika Mtume nguo na kumtuliza moyo, alikuwa na umri wa miaka 55 hivi. Na Makureshi walipowatenga Bani Hashim kwa njaa katika bonde la Abu Talib, yeye alikuwa amepindukia 60. Kazi kubwa kabisa ya maisha yake aliifanya katika umri ambao sisi twauita umri wa kukaa kando. Na Mtume (s.a.w.) hakuoa mke mwengine mpaka alipofariki, wala hakuacha kumtaja kwa wema baada yake.

Matabibu walivyosema

Ama kwa upande wa utabibu, Aristu wa Uyunani aliandika kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.) kuwa wanawake wengi hukoma hedhi kiasi cha miaka 40, na wengine huendelea mpaka 50. Matabibu wa Kiislamu wakarithi elimu hiyo wakaiongeza. Ibnul-Jazzar wa Qayrawan, katika karne ya 10, alikitenga kitabu cha sita cha “Zadul-Musafir” kwa maradhi ya uzazi. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 428 Hijriya (1037), alieleza maradhi ya kizazi katika “Qanun” yake, nacho ni kitabu kilichosomeshwa katika vyuo vikuu vya Ulaya mpaka karne ya 17.

Lakini mtu ninayependa umjue zaidi ni Abu Zaid al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijriya (934). Kitabu chake “Masalihul-Abdan wal-Anfus”, maslahi ya miili na nafsi, kilibaki katika maktaba ya Ayasofya, Istanbul, na nakala yake ikachapishwa mwaka 1984. Sheikh huyu aliwalaumu matabibu wanaotibu mwili na kuisahau nafsi. Akaieleza hasira, hofu, huzuni na wasiwasi, kila kimoja kwa mlango wake. Kisha akaigawa huzuni mafungu mawili: huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na huzuni isiyojulikana sababu, ambayo humjia mtu tu akakosa raha. Hii ya pili, alisema, asili yake imo mwilini, na dawa yake ni kuutibu mwili pamoja na kumpa mgonjwa maneno laini na mazungumzo ya kumchangamsha.

Hakuwa akiwasema wanawake waliokoma hedhi peke yao, lakini ufunguo ni huu. Mama yule niliyemwandikia kombe hakuwa na pepo wala upungufu wa imani. Huzuni yake ilikuwa na asili mwilini.

Ulaya jambo hili lilipata jina lake la leo mwaka 1821, kwa tabibu wa Kifaransa, de Gardanne. Katika karne ya 20 ikajulikana kuwa mafuko ya mayai ya mwanamke hutoa homoni iitwayo estrojeni, na kwamba hupungua katika umri huu, mara nyingi baina ya miaka 45 na 55. Ikipungua, hari hupanda ghafla na jasho humtoka usiku. Jasho humkatiza usingizi. Kukosa usingizi huleta uchovu. Na uchovu hufungulia mlango wasiwasi. Mifupa nayo huanza kupoteza nguvu.

Mwaka 1942 huko Marekani ilitolewa dawa ya homoni iliyotokana na mkojo wa farasi wenye mimba, nayo ikaenea sana. Watu wakaisifu kupita kiasi, kama kwamba inazuia uzee. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani ulipoonyesha madhara, yakiwamo ya saratani ya matiti na kuganda kwa damu, wakaikimbia kupita kiasi. Baadaye ikabainika kuwa kwa walio chini ya miaka 60, au ambao hawajapitisha miaka 10 tangu kukoma, manufaa yake kwa wengi huzidi madhara, ila haimfai kila mtu. Leo zipo pia zinazotengenezwa kutokana na mimea, na Muislamu ana haki ya kumwuliza daktari asili ya dawa yake.

Basi tufanyeje?

Kwanza, wewe mama, sema. Haya ni katika imani, lakini wanawake wa Kiansari walisifiwa na Bibi Aisha kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Na Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu. Usidhani kila uchovu ni umri; huenda ni upungufu wa damu, au sukari, au tezi ya shingo, na hayo hupimwa. Na jambo moja ulishike sana: damu ikitoka baada ya kukatika mwaka mzima, usitosheke na kuuliza hukumu ya sala tu. Nenda hospitali upesi, kwani yaweza kuwa ni dalili ya saratani ya kizazi, nayo ikigunduliwa mapema hutibika.

Pili, dini haikukulemea. Ukishindwa kusimama katika sala, sali umekaa, Mtume (s.a.w.) alimruhusu hivyo Imran bin Husain alipokuwa mgonjwa. Tembea kila siku, lala mapema, punguza chai na kahawa za usiku. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akiamrisha upikwe uji wa talbina kwa wafiwa, kwa kuwa amesikia kwa Mtume (s.a.w.) kuwa humpumzisha mgonjwa moyo na kumwondolea baadhi ya huzuni. Na uji huo, kama ujuavyo, hupikwa na mtu mwengine akakuletea; nusu ya dawa imo humo.

Tatu, wewe mume. Kuoa mke wa pili ni halali yako kwa masharti yake, lakini kumdharau aliyekula nawe chumvi miaka 30 kwa kuwa uzazi umekatika si halali yako kabisa. Kumbuka ni shitaka la nani lililoteremshiwa sura.

Nne, sisi masheikh na walimu. Akiletwa mwanamke, tumwulize kabla ya kumwandikia. Tumsomee Qurani, na tumwonyeshe njia ya hospitali. Moja haibatilishi la pili.

Na yule mama, kwa rehema ya Mola, alipata nafuu. Kila nikikutana naye hunisalimia kwa heshima, nami huona haya.

Ewe Mola wetu, wape nguvu mama zetu katika udhaifu wao, tulize nyoyo zao, na utujaalie sisi kuwa katika wanaosikia. Amin.