Vitabu na Vinywa vya Wazee: Wanafunzi wa Chuo Kikuu katika Rufiji, 1968

Tarehe 4 Agosti, 1905, Wajerumani walimnyonga mganga mmoja huko Mohoro, kusini ya delta ya mto Rufiji. Jambo hilo halina ubishi. Ubishi ni wa jina lake. Maandishi ya Wajerumani humtaja Bokero, na wazee wa Ngarambe na wa milima ya Umatumbi walimtaja Kinjikitile Ngwale. Je, huyu ni mtu mmoja mwenye majina mawili, au ni watu wawili? Mwanafunzi aliyesoma kitabu kimoja tu hawezi hata kuliuliza swali hili, maana hajui kama lipo. Kwa hiyo kumfundisha mwanafunzi kutafuta khabari si kumwonyesha rafu za maktaba tu, bali ni kumzoeza kuwasimamisha mashahidi wawili na kuwapambanisha.

Somo hilo lilikuwa na haja kubwa katika chuo kilichoanza Dar es Salaam mwaka 1961 kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria, katika jumba la TANU, na kuhamia Mlimani mwaka 1964. Walimu wa historia walitaka kusomesha mambo ya Afrika, lakini vitabu vilivyokuwapo vilikuwa vingi vya watawala. Juu ya vita vya Maji Maji kitabu mashuhuri kilikuwa cha Graf von Götzen, kilichotolewa mwaka 1909. Götzen ndiye aliyekuwa gavana vita vilipozuka, na alikuwa na sababu zote za kujitetea mbele ya watu wa kwao. Kwa upande wa Kiswahili palikuwa na utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, ambao Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki iliuchapisha mwaka 1957. Gavana alisema kwa upande wake na mtunzi kwa upande wake. Lakini mkulima wa Rufiji aliyelazimishwa kulima shamba la pamba la jumbe tangu mwaka 1902 hakuandika kitu.

Ndipo mwaka 1968 Idara ya Historia ilipowatuma wanafunzi wake wakati wa likizo kwenda katika wilaya zilizopigana, ili wakawasikilize wazee. Kazi hiyo iliongozwa na John Iliffe pamoja na Gilbert Gwassa, Mtanzania ambaye miaka hiyo hiyo alikuwa akikusanya kauli za wazee wa Umatumbi na Rufiji. Mwanafunzi alipaswa kuandika jina la mzee, mahali alipo, na maneno aliyoyasema, kisha karatasi yake ikatiwa nambari ili mwingine aweze kuitafuta. Huenda jambo hilo likaonekana dogo. Lakini kauli isiyo na jina la msemaji wala la mahali haiwezi kupimwa na mtu mwingine, na Waswahili husema kwamba mali bila daftari huisha bila khabari. Mwaka 1969 ripoti hizo zilikusanywa pamoja na kuwekwa katika maktaba ya chuo.

Wakati haukuwa mrefu. Mtoto wa miaka kumi wa mwaka 1905 alikuwa mzee wa miaka sabini na mitatu wanafunzi walipofika. Tena mwaka huo huo wa 1968 mto Rufiji ulifurika, na baada yake serikali ikawahamisha wakaazi wengi wa bonde, waliozoea kulima mpunga kando ya maji, ikawaweka katika vijiji vya ujamaa mahali palipoinuka, kama Ikwiriri. Wazee wengi hukumbuka kwa kutazama: hapa palikuwa na kisima, pale palikuwa na mzimu. Mtu aondolewapo mahali pake, sehemu ya khabari zake hubaki nyuma bila mlinzi.

Hata hivyo kazi ya wanafunzi ilikuwa na upungufu wake, na upungufu huo ni sehemu ya somo. Nchi ilikuwa changa, na wengi walikwenda wakitafuta mwanzo wa umoja wa taifa. Anayeuliza juu ya umoja hujibiwa juu ya umoja. Wanahistoria wa baadaye, kama wale ambao insha zao zilikusanywa na James Giblin na Jamie Monson katika kitabu cha mwaka 2010, walionyesha kwamba kila nchi iliingia vitani kwa sababu zake, na kwamba wengine hawakuingia kabisa.

Mfano mmoja watoka katika delta yenyewe. Mwaka 1898 Wajerumani waliitia mikoko ya Rufiji chini ya amri ya serikali, ile mikoko ambayo boriti zake zilikuwa zikisafirishwa kwa majahazi hadi Arabuni. Thaddeus Sunseri alipoyachungua maandishi ya misitu aliona kwamba amri za namna hiyo zilikuwa miongoni mwa machungu yaliyotangulia vita. Mtafutaji asiyefungua ila majalada yenye neno “vita” hangeyafikia, kwa kuwa karani aliyeyapanga hakuyaweka huko. Mpangaji wa nyaraka hupanga kwa mahitaji ya bwana wake. Mtafutaji hana budi kujua jinsi karani yule alivyofikiri.

Leo wazee wale hawapo tena. Zamani msafiri aliyepita Kibiti kwenda kusini alilazimika kungoja kivuko cha Ndundu, na masika yalipokuwa makali alirudi nyumbani. Tangu mwaka 2003 pana daraja, naye huvuka kwa dakika chache. Lakini kijana wa Kibiti au wa Ngarambe atakaye kusoma kauli za babu wa babu yake yampasa aende njia hiyo kinyume, hadi Mlimani, na afikapo ajue nambari ya karatasi anayoitafuta. Asipojua, maneno ya mzee wake yatakuwa mbele yake rafuni, naye atarudi Rufiji akiamini ya kuwa hayakuandikwa.