Siku akina mama walipovamia shule kwa ajili ya koo za watoto

Juni 27, 1906 akina mama wa Lower East Side, mtaa wa wahamiaji maskini jijini New York, walivamia shule wakidai watoto wao. Chanzo kilikuwa kisu cha kooni.

Kukata mafindofindo ni kazi ya kale. Celsus wa Roma aliieleza karibu miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 1868 Wilhelm Meyer wa Copenhagen akaeleza nyama zinazoota nyuma ya pua, zile zinazomfanya mtoto apumulie mdomo na kukoroma. Baadaye madaktari wengi wakaamini kwamba nyama hizo ndizo zinazomfanya mtoto awe mzito darasani.

Ndipo Juni 1906 madaktari wa hospitali ya Mount Sinai wakawakata nyama hizo watoto zaidi ya 80 wa Shule ya Umma Namba 110, palepale shuleni. Watoto walirudi nyumbani damu ikiwatoka mdomoni, sauti zimekauka, hawawezi kueleza walichofanyiwa. Wazazi wengi walikuwa Wayahudi waliokimbia Urusi, wasemao Kiyidi, na mwezi uleule Wayahudi wa Białystok, mji uliokuwa chini ya Urusi, walikuwa wameuawa ovyo. Uvumi ukaruka nyumba hadi nyumba: madaktari wanachinja watoto! Maelfu wakamiminika mashuleni, mawe yakarushwa, vioo vikavunjika.

Wapo wanaokisimulia kisa hiki kama ujinga wa wahamiaji. Nakataa. Mama aliyemwona mwanawe akitema damu alistahili kuelezwa kwa lugha yake, tena kabla ya kisu.

Na madaktari wenyewe, je, walikuwa na hakika ya nani akatwe? Uchunguzi wa mwaka 1934 uliwahusu watoto 1,000 wa shule za New York. Tayari 611 walikuwa wameshakatwa mafindofindo. Waliobaki 389 walipimwa, na 174 wakaambiwa wakatwe. Wale 215 walioonekana wazima wakapelekwa kwa madaktari wengine: 99 wakatwe. Waliosalia 116 wakapimwa tena: 51 wakatwe. Mwisho wakabaki 65 tu ambao hakuna daktari aliyewataka kwenye meza ya upasuaji.

Baadaye upasuaji huo ukapungua. Leo unarudi kwa sababu yenye mashiko zaidi: mkoromo unaokata pumzi. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2013, uliohusu watoto 464, asilimia 79 ya waliokatwa mapema walikuwa wakipumua sawasawa usingizini baada ya miezi saba. Kwa waliosubiri ilikuwa asilimia 46.

Kwetu, mtoto akikohoa sana wapo wanaomkimbiza kwa mkata kimeo. Akikoroma tunasema amelala fofofo. Usiku wa leo msikilize. Mkoromo ukikatika, kifua kikahangaika, kisha pumzi ikarudi kwa kishindo, mpeleke hospitali. Ukiambiwa akatwe, uliza kwa nini, na usitie saini mpaka umeelewa.