Shamba la Gravel Hill na Bima ya Mawakili

Mwaka 1961 Walter Green, mkulima wa Lincolnshire nchini Uingereza, alimpa mwanawe Geoffrey haki ya kulinunua shamba la Gravel Hill wakati wowote ndani ya miaka 10, kwa pauni 75 kila ekari. Wakili aliandika hati, ikatiwa saini, ikawekwa kabatini. Kilichosahaulika ni kuisajili kwenye daftari la serikali. Mwaka 1967 baba alibadili nia, akamuuzia mkewe shamba kwa pauni 500 ilhali thamani yake ilikuwa kama pauni 40,000. Geoffrey hakuwa na la kushika, na mwaka 1980 Malodi, waliokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, walithibitisha kuwa mauzo yale ni halali. Kabla ya hapo, Jaji Oliver alikwisha kuamua kwamba ofisi ya mawakili iwajibike, na kwamba kesi haikuwa imepitwa na wakati, kwa sababu wajibu wa kusajili uliendelea hadi siku shamba lilipouzwa. Kosa la wakili hulala. Ndiyo maana nashikilia kwamba katika bima yake, bei na jina la kampuni vina uzito mdogo kuliko masharti, na historia ya Uingereza yaonyesha hivyo.

Sheria ya Mawakili ya 1974 iliipa Law Society, chama cha mawakili, uwezo wa kulazimisha bima, na punde kila ofisi ikaingizwa katika mkataba mmoja wa pamoja kupitia dalali aliyechaguliwa na chama. Baadhi ya mawakili walipinga, na hoja yao haikuwa ya kupuuzwa: aliye makini hulipia uzembe wa mwenzake, hana hiari ya kutafuta bima nyingine, na chama chenyewe kinagawiwa kamisheni ya dalali. Katika kesi ya Swain, mwaka 1982, Malodi waliwakatalia. Walisema chama hapo kilitekeleza jukumu la umma, kwa hiyo hakikuwa mdhamini wa mawakili wa kudaiwa kamisheni ile. Naona walikuwa sahihi, maana bima hii ilitungwa kwa ajili ya mteja kwanza.

Mwaka 1987 ukaja mfuko wa pamoja wa mawakili wenyewe. Bei za nyumba ziliposhuka mwanzoni mwa miaka ya 1990, madai yaliumiminikia, michango ikapanda, na Septemba 2000 soko likafunguliwa. Wengi huuita huo ushindi wa hiari. Lakini kilichoachiwa hiari ni bei na mtoa bima tu, tena hiari hiyo ina hatari yake: Quinn Insurance ya Ireland, iliyokuwa imekatia bima ofisi nyingi ndogo, iliwekwa chini ya wasimamizi Machi 2010. Masharti ya chini yalibaki ya lazima. Mtoa bima hawezi kumnyima mteja fidia eti wakili alificha jambo alipojaza fomu, na ofisi ikifungwa bila mrithi, kinga huendelea kwa miaka 6.

Mawakili wazee hulalamika kwamba miaka hiyo 6 hugharimu mara kadhaa ya ada ya mwaka, kiasi kwamba wengine hushindwa kustaafu. Malalamiko ni ya kweli, na yanastahili msaada wa kulipa kwa awamu. Kuipunguza miaka ni jambo jingine. Tangu hati ya Gravel Hill iandikwe hadi shamba liuzwe, ilipita miaka 6.