Mzigo wa Safari ya Anga za Juu



Tarehe 27 Februari 2019, roketi ya Urusi aina ya Soyuz iliruka kutoka Kourou, katika Guiana ya Wafaransa, ikiwa imebeba setilaiti sita za kampuni ya OneWeb. Moja kati ya hizo ilipewa jina la Kinyarwanda, Icyerekezo, maana yake dira. Ilitangazwa kwamba lengo ni kuzipatia intaneti shule zilizo mbali, na shule iliyotajwa kwanza ilikuwa ya kisiwa cha Nkombo, katika Ziwa Kivu, hapa hapa wilayani Rusizi.

Miaka mitatu baadaye, mwezi Machi 2022, setilaiti nyingine 36 za kampuni hiyo zilikuwa tayari juu ya roketi huko Baikonur, nchini Kazakhstan, pale Urusi ilipokataa kuzirusha mpaka masharti yake yatimizwe. Moja ya masharti hayo lilikuwa kwamba serikali ya Uingereza iuze hisa zake katika kampuni. Masharti yalikataliwa, roketi ikaondolewa uwanjani, na kampuni ikalazimika kutafuta wachukuzi wengine, Marekani na India. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hata angani, mwenye chombo ndiye mwenye njia.

Kwa sababu hiyo, swali la jinsi ya kufika anga za juu kwa gharama ndogo si la wataalamu wa mbali peke yao. Kwa zaidi ya miaka 60 wahandisi wamekuwa na ndoto moja: chombo kitakachoondoka uwanjani kama ndege yoyote, kivute hewa njiani kama injini za ndege zinavyofanya, kipande mpaka kuizunguka dunia, kisha kirudi kutua, kijazwe mafuta na kuruka tena. Je, ndoto hiyo yawezekana? Leo tuipime kwa mizani ya historia.

Kwanza tuutazame mzigo wenyewe. Chombo kitakachoizunguka dunia bila kuanguka hakina budi kufikia mwendo wa kilomita kama 28,000 kwa saa. Huko juu hakuna hewa, na moto hauwaki pasipo oksijeni. Kwa hiyo roketi hujibebea oksijeni yake tangu ardhini. Katika injini inayotumia haidrojeni, kila kilo moja ya haidrojeni huhitaji kilo zipatazo sita za oksijeni. Sehemu kubwa ya uzito wa roketi, basi, ni kitu ambacho sisi sote tunakivuta bure puani.

Eneo letu la Afrika ya Mashariki na Kati limewahi kuwa uwanja wa safari hizo. Karibu na ikweta dunia huzunguka kwa mwendo wa kilomita kama 1,670 kwa saa, na chombo kinachorushwa kuelekea mashariki hupewa msukumo huo bila malipo. Ndiyo maana Waitalia walijenga majukwaa ya San Marco baharini, karibu na Malindi nchini Kenya. Tangu mwaka 1967 hadi mwaka 1988 walirusha kutoka hapo setilaiti kwa roketi za Scout za Marekani. Mojawapo iliruka tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Roketi hizo zilitumika mara moja tu, na mabaki yake yakaanguka katika Bahari ya Hindi.

Jirani zetu wa Zaire walipitia mambo mengine. Mwaka 1976 serikali ya Mobutu iliipa kampuni ya Kijerumani iitwayo OTRAG, ya mhandisi Lutz Kayser, eneo la kilomita za mraba zipatazo 100,000 katika jimbo la Shaba, mpaka mwaka 2000. Eneo hilo ni karibu mara nne ya Rwanda nzima. Kayser alitaka kufunga pamoja mabomba mengi mepesi, yaliyotengenezwa kwa bei nafuu na yaliyojazwa mafuta ya kawaida, kisha kuyatupa bila majuto. Jaribio la kwanza lilifanyika Mei 1977, la pili Mei 1978. La tatu, la mwezi Juni mwaka huo, lilishindwa mbele ya macho ya Mobutu mwenyewe. Wakati huo Urusi ya Kisovieti na baadhi ya nchi jirani zilikuwa zimekwisha kulalamika kwamba huo ni mpango wa silaha. Mwaka 1979 kampuni iliamriwa kuacha, ikahamia Libya. Wananchi wa Shaba hawakuachiwa setilaiti hata moja.

Malindi na Shaba zinatuonyesha jambo moja. Roketi ya kutupwa inahitaji mahali patupu pa kuangukia: bahari, jangwa, au pori kubwa. Nchi kama Rwanda, isiyo na pwani na yenye watu wengi kila kilima, haina mahali pa namna hiyo. Hapo ndipo ndege ya angani inapovutia zaidi, maana yenyewe haitupi kitu njiani.

Jeshi la Anga la Marekani lilianza kulichunguza wazo hili mwishoni mwa miaka ya 1950, likaliacha mwaka 1963. Katika miaka ya 1980 Waingereza wakabuni chombo kilichoitwa HOTOL, chenye injini iliyotokana na mawazo ya mhandisi Alan Bond. Mwaka 1988 serikali yao ikakinyima fedha. Februari 1986 Rais Reagan wa Marekani alitangaza mbele ya bunge lake mpango wa ndege itakayoweza kufika angani, ambayo baadaye iliitwa X-30. Mwaka 1993 mpango huo ukafutwa kabla ndege haijajengwa. Bond na wenzake hawakukata tamaa: mwaka 1989 waliunda kampuni ya Reaction Engines, wakabuni chombo cha Skylon na injini ya SABRE.

Kwa nini watu hodari namna hiyo hawakufika? Ninyi askari mtalielewa jibu upesi, kwa kuwa ni suala la ugavi.

Chukueni mfano wa kikosi kinachotakiwa kupanda mlima mrefu. Afisa mmoja anasema: tusibebe maji, tutakunywa ya vijitoni. Shauri hilo linapendeza. Lakini vijito viko chini tu, katika sehemu ya tano ya kwanza ya safari. Ili kuyatumia maji hayo, kikosi lazima kibebe pampu na vichujio vizito, na baada ya vijito kwisha, vyombo hivyo vinaendelea kuelemea mabega mpaka kileleni. Zaidi ya hayo, kikosi kinalazimika kukawia bondeni, kwenye matope na miiba, ambapo kila hatua inachosha.

Ndivyo ilivyo kwa injini ya kuvuta hewa. SABRE ilikusudiwa kuvuta hewa mpaka mwendo wa zaidi kidogo ya mara tano ya sauti, yaani takriban moja ya tano ya mwendo unaohitajika. Na kwa kuwa nguvu ya mwendo hukua kwa mraba wa mwendo wenyewe, moja ya tano ya mwendo ni kama sehemu nne tu katika mia za kazi yote. Zilizobaki lazima zifanywe na roketi, kwa oksijeni iliyobebwa. Tena hewa si oksijeni tupu: ili kupata kilo moja ya oksijeni, injini hula zaidi ya kilo nne za hewa. Hewa hiyo, ikigongwa kwa mwendo huo, hupata joto la nyuzi zipatazo 1,000, na huisukuma ndege nyuma wakati huo huo.

Haifai kuwadharau wahandisi hao. Mwaka 2019, katika jimbo la Colorado, Reaction Engines walijaribu mtambo wao wa kupoza hewa katika joto la kiasi hicho, nao ukaipoza kwa kufumba na kufumbua. Mwezi Novemba 2004 Wamarekani nao walirusha chombo kidogo kiitwacho X-43A, kikafikia karibu mara kumi ya mwendo wa sauti kwa kuvuta hewa. Lakini injini yake iliwaka kwa sekunde kama kumi tu, na aliyekifikisha kwenye mwendo huo kabla haijawaka alikuwa nani? Roketi ya kawaida. Tarehe 31 Oktoba 2024, Reaction Engines ilikosa fedha, ikawekwa chini ya wafilisi. Skylon haikuruka kamwe.

Wakati huo huo ushindi ulikuja kwa njia nyingine. Desemba 2015 kampuni ya SpaceX iliishusha wima sehemu ya chini ya roketi yake ya Falcon 9, na Machi 2017 ikairusha kwa mara ya pili sehemu nyingine iliyokwisha kutumika. Leo baadhi ya sehemu hizo zimeruka zaidi ya mara 20 kila moja. Roketi hiyo haikuikwepa oksijeni. Ilibeba hata zaidi, ili ibaki ya kurudia. Oksijeni ni rahisi kununua. Kilicho ghali ni injini na umbo la chombo, na hivyo ndivyo vilivyookolewa. Ndege ya angani ilifanya kinyume: iliokoa kilicho rahisi kwa kulipia kilicho ghali.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Sheria za maumbile haziikatazi ndege hiyo, lakini faida yake ni nyembamba mno, na kosa dogo la uzito laweza kuimeza yote. Hata ahadi yake kwa nchi ndogo ilikuwa na kasoro: Skylon ilihitaji njia ya kurukia iliyoimarishwa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita tano.

Rwanda ilianzisha Wakala wake wa Anga mwaka 2020, baada ya setilaiti yake ndogo, RwaSat-1, kupelekwa na Wajapani mwaka 2019. Kinga yetu kwa sasa ni kuwa na wachukuzi wengi, asiwepo mmoja wa kutufungia njia. Na siku mgeni atakapokuja na michoro mizuri akiomba ardhi, kama alivyokuja yule wa Shaba, tumkague kama tunavyokagua kikosi kabla ya kuondoka: amebeba nini, ameacha nini, na nani atakayelipa akikwama njiani. Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje.