Bakteria wa kinywa katika kidole tumbo cha mtoto

Fusobacterium nucleatum ni bakteria mwembamba aliyechongoka ncha zote mbili. Makazi yake ni ukoga wa meno na upenyo mdogo ulio kati ya jino na ufizi, ambako oksijeni ni haba, naye haipendi oksijeni. Kwa watu wengi hukaa humo miaka nenda miaka rudi bila kuleta shari. Kazi yake kubwa ni kuunganisha, maana bakteria wa jamii nyingine humng'ang'ania, naye huwashika wengine, ukoga ukazidi unene. Mwaka 2011 watafiti wa hospitali ya Charité mjini Berlin, wakiongozwa na Alexander Swidsinski, walitangaza kuwa wamemkuta mbali sana na meno: ndani ya kuta za vidole tumbo vilivyovimba.

Kidole tumbo, au apendiksi, ni kifuko chembamba kilichoziba upande mmoja. Kimeshikamana na mwanzo wa utumbo mpana, chini upande wa kulia wa tumbo, na kwa kawaida urefu wake haufiki sentimita 10. Kuvimba kwake ni miongoni mwa sababu kuu za watoto kufanyiwa upasuaji wa dharura, na huwapata zaidi wenye umri wa miaka 10 hadi 19. Maumivu huanzia karibu na kitovu, kisha huhamia kulia. Mtoto wa chini ya miaka 5 hawezi kuyaeleza vizuri, ndiyo maana wengi wa umri huo hufika hospitali apendiksi ikiwa imekwisha kupasuka.

Tangu Reginald Fitz wa Boston alipoueleza ugonjwa huu mwaka 1886, maelezo yaliyotawala ni ya kuziba: kijiwe cha kinyesi, au tezi zilizovimba, hufunga mdomo wa kifuko, shinikizo hupanda, damu hukosa njia, na bakteria waliomo hushambulia. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi miaka mingi Uganda, aliongeza suala la chakula. Mwaka 1971 alidai kuwa ugonjwa huu ulikuwa adimu vijijini Afrika kwa sababu watu walikula nyuzinyuzi nyingi, hivyo kinyesi chao hakikugeuka vijiwe. Hoja ilivutia, lakini apendiksi nyingi zinazokatwa hazina kijiwe chochote.

Hapo ndipo kazi ya Berlin inapopata uzito. Watafiti hao hawakuotesha bakteria maabara, njia inayowakosa wengi wa wale wanaokufa wakikutana na hewa. Walichukua vipande vyembamba vya apendiksi zilizohifadhiwa na kuvipaka vinasaba vifupi vyenye rangi ing'aayo, kila kimoja kikimtambua bakteria wa aina yake. Faida yake ni kwamba mtu haoni tu nani yupo, bali amesimama wapi. Fusobakteria walionekana wakipenya utando wa ndani katika asilimia 62 ya wagonjwa waliothibitishwa, na kadiri uvimbe ulivyokuwa mkali ndivyo walivyozidi. Wakazi wa kawaida wa utumbo, kama Bacteroides na Faecalibacterium prausnitzii, walipungua.

Kwa watoto, picha inafanana. Utafiti mdogo wa Washington wa mwaka 2014 ulipima sampuli za apendiksi na za njia ya haja kubwa kwa watoto 21, 15 kati yao wakiwa na apendiksi iliyovimba. Safari hii zilisomwa chembe za urithi za bakteria wote kwa pamoja, na miongoni mwa waliojitokeza walikuwamo Porphyromonas, jamii inayofahamika zaidi kwa magonjwa ya fizi. Mwaka 2018 watafiti wa Ujerumani walikwenda hatua zaidi: waliwachunguza watoto wagonjwa kwenye fizi na kwenye apendiksi pia, wakiuliza kama kinywa ndicho ghala la bakteria hao.

Njia ya kufika huko si siri. Mtu humeza takriban lita moja ya mate kwa siku, yakiwa yamejaa bakteria. Asidi ya tumbo huua wengi, lakini si wote. Wengine hudhaniwa kupitia damu, kwa kuwa fizi zinazotoka damu ni mlango ulio wazi. F. nucleatum amejaaliwa pia protini za kujishikiza kwenye seli, zikiwemo FadA na Fap2, na tangu 2011 amekuwa akikutwa hata kwenye saratani ya utumbo mpana.

Swali gumu ni kama mgeni huyu anawasha moto au anaufuata. Kifuko kilichoziba hukosa oksijeni, na bakteria asiyeipenda atastawi humo hata kama chanzo ni kingine. Sampuli nyingi huchukuliwa mtoto akiwa tayari mgonjwa, mara nyingi baada ya kupewa antibayotiki, kwa hiyo mpangilio wa matukio haujulikani. Anayeambiwa leo kuwa mswaki utamkinga mwanawe na apendiksi anauziwa kitu ambacho hakijathibitishwa.

Wodini, metronidazoli huchanganywa na antibayotiki nyingine kwa sababu inawaua bakteria wa aina hii. Dawa peke yake bado haijaushinda upasuaji: katika jaribio la kimataifa lililochapishwa mwaka 2025, lililowahusisha watoto wenye apendiksi isiyopasuka, tiba ya antibayotiki ilishindwa kwa asilimia 34 ndani ya mwaka mmoja, dhidi ya asilimia 7 kwa waliopasuliwa.